Kutoka faili la MIDI hadi CD inayopiga kwenye deki

Faili la MIDI halina sauti ndani yake. Tuanzie hapo, kwa sababu nyingi ya CD za nyimbo zilizotungwa kwenye kompyuta ambazo zimegoma kupiga zimegoma kwa sababu mtu alidhani sauti imo. Kilichomo ni maagizo tu: chaneli ya 1 ibonyeze nota ya 67 kwa nguvu ya 80, baada ya muda fulani iiachie, kisha ibonyeze ya 69. Ni nota za kwaya zilizoandikwa kwa tarakimu badala ya mistari mitano, na karatasi ya nota haijawahi kuimba yenyewe. Ndiyo maana wimbo wa dakika nne wenye sauti nne na kinanda unakaa kwenye kilobaiti chache, lakini ukishageuzwa kuwa sauti ya CD unakula megabaiti 42.

Deki nayo inaelewa kitu kimoja. Mwaka 1980 Philips na Sony walikubaliana kanuni ya CD ya muziki: sampuli, yaani vipimo vya wimbi la sauti, 44,100 kwa kila sekunde, kila sampuli biti 16, chaneli mbili, kushoto na kulia. Deki za kwanza ziliingia sokoni Japani mwaka 1982. MIDI ilitoka mwaka uliofuata, 1983, kwa ajili ya kuunganisha vinanda vya umeme, na hakuna aliyepanga vitu hivi viwili vielewane. Kwenye CD ya muziki hamna faili wala folda. Mna mkondo mmoja wa sampuli na orodha fupi mwanzoni inayosema kila wimbo unaanzia wapi. Ukichoma faili la MIDI kwenye diski kama data, deki itaona data na kukataa. Ukibadilisha jina la faili kutoka .mid kuwa .wav, ambalo ni faili la sauti yenyewe, umebadilisha jina tu, ndani mmebaki maagizo yaleyale.

Kuna atakayeuliza kama CD bado ina kazi wakati kila mtu ana flashi na simu. Ina kazi. Magari mengi ya mitumba kutoka Japani yana redio ambayo FM yake inaishia kwenye 90, na stesheni nyingi za huku kwetu ziko juu ya hapo. Dereva anabaki na CD. Deki za maparokia na redio za nyumbani kwa wanakwaya wa umri mkubwa ni za namna hiyohiyo. Na mwalimu wa kwaya anayetaka kila mwimbaji aondoke na sauti yake mkononi, bila kuuliza nani ana simu ya aina gani, bado anaagiza CD.

Basi kazi iko sehemu mbili. Ya kwanza, kuamua nani atayatekeleza yale maagizo na kuyafanya sauti. Ya pili, kuichoma sauti hiyo kwa namna ambayo deki inaielewa. Watu wengi huhangaika na ya pili. Uzuri wa CD unaamuliwa kwenye ya kwanza.

Milio inatoka wapi

Tangu mwaka 1991 kuna mpangilio unaoitwa General MIDI, wenye milio 128 iliyopewa namba. Piano kubwa ni 1, kinanda cha kanisani ni 20, kwaya inayoimba "aa" ni 53, inayoimba "uu" ni 54. Marimba ni 13, kalimba ni 109. Chaneli ya 10 imetengwa kwa ngoma: humo kila nota ni chombo tofauti, kwa mfano 63 na 64 ni konga na 70 ni marakasi, ambayo ndiyo iliyo karibu zaidi na kayamba. Mtunzi wa taarabu atatafuta udi na qanuni kwenye orodha hiyo na hatazipata kabisa. Atabaki kuazima gitaa la nyuzi za nailoni, namba 25, au atafute benki ya milio iliyotengenezwa mahususi.

Hapa pana mtego. Programu nyingine zinahesabu kuanzia 0, nyingine kuanzia 1. Mtu aliyesoma mahali kuwa kwaya ni 52, akaandika 52 kwenye programu inayoanzia 1, atapata nyuzi za sinthesaiza. Ukisikia mlio usiouagiza, jaribu namba ya jirani kabla ya kulaumu faili.

Namba ni jina tu. Mlio halisi unategemea mashine au programu inayosoma namba hiyo. Windows ina yake ya ndani, Microsoft GS Wavetable Synth, ambayo ndiyo inayosikika ukibofya faili la MIDI mara mbili. Milio yake ilitoka kwa Roland, ni midogo na ya zamani, na haina njia ya kuandika sauti kwenye faili. Itumie kusikiliza kama nota ziko sawa, na iishie hapo.

Kwa CD ya kumpa mtu, tumia benki ya milio ya aina ya SoundFont, faili linaloishia na .sf2. Ndani yake mna rekodi za vyombo vya kweli, nota kwa nota. Mbili zinazopatikana bure na zinazoaminika ni FluidR3_GM, yenye megabaiti kama 140, na GeneralUser GS, ambayo ni kama 30 tu na kwa ukubwa wake ni nzuri mno. Mwenye bando dogo aanze na ya pili. MuseScore 4, programu ya kuandika nota iliyotoka Desemba 2022, ina milio mingine mizuri zaidi iitwayo Muse Sounds, ikiwemo kwaya, lakini inapakuliwa kando, inakula nafasi kubwa, na kompyuta ya zamani inaweza kulemewa. Halafu ijulikane mapema: kwaya hizi zote zinaimba irabu. Hakuna itakayotamka maneno uliyoyaandika chini ya nota.

Njia tatu za kuipata WAV

Kama wimbo uliandikwa kwenye MuseScore, fungua faili lenyewe la nota, nenda "File" kisha "Export", chagua WAV na kiwango cha 44100. Basi. Finale, programu nyingine ya nota, nayo ina sehemu ya kutoa faili la sauti. Wenye nyimbo za miaka mingi kwenye Finale wakumbuke kuwa wenye programu hiyo, MakeMusic, walitangaza Agosti 2024 kwamba wanaacha kuiendeleza. Kompyuta yenye Finale inayofanya kazi ikiwa bado ipo, zitoe nyimbo zote kwa muundo wa MusicXML, ambao programu nyingine za nota zinaufungua, leo, si siku itakapokufa.

Kama ulichonacho ni faili la MIDI peke yake, usilipitishe kwenye programu ya nota kwa ajili ya sauti tu. Programu hizo zikifungua MIDI hujaribu kukisia thamani ya kila nota ili zichore mistari, na kila palipopigwa kwa mkono kwenye kinanda, pakiwa mbele au nyuma kidogo ya pigo, panasahihishwa kwa nguvu. Unachotoa si ulichoingiza. Tumia FluidSynth moja kwa moja, programu inayosoma MIDI na kuitoa kama sauti kwa milio ya SoundFont, ambayo ni ya bure na ipo kwa Windows, Mac na Linux. Amri ni mstari mmoja:

fluidsynth -ni -r 44100 -g 0.6 -F 01.wav FluidR3_GM.sf2 01.mid

Sehemu ya -ni inaiambia isisubiri kinanda cha nje wala amri za mtu. Ya -r ni idadi ya sampuli. Ya -F ni jina la faili litakalotoka. Ile -g ndiyo ya kuchezea: ni ukubwa wa sauti. Usipoiweka inakaa 0.2, ambayo kwa wimbo wa sauti nne inatoka ndogo sana. Ukiiweka 2 wimbo wenye kinanda kizito utapasuka. Anza na 0.6, fungua WAV kwenye Audacity, programu ya kurekodi na kuhariri sauti, utazame mawimbi. Kama yanagusa ukingo wa juu na wa chini, shusha urudie. Inachukua sekunde chache, kwa hiyo hakuna sababu ya kuvumilia sauti iliyopasuka.

Njia ya tatu ni kurekodi kile kinachotoka kwenye spika bila kupitia hewani. Kwenye Audacity ya Windows chagua mfumo wa sauti wa "Windows WASAPI" na kifaa ambacho jina lake lina neno "loopback", bonyeza kurekodi, kisha piga wimbo kwenye programu yoyote. Inafaa kwa programu za zamani zisizotoa faili la sauti. Ubaya wake ni kwamba wimbo wa dakika nne unachukua dakika nne, na mlio wowote wa ujumbe ulioingia katikati unabaki humo. Zima intaneti kwanza. Watu wengine hujaribu kufungua MIDI ndani ya Audacity na kuitoa kama WAV. Audacity inaonyesha nota hizo lakini haizigeuzi kuwa sauti. Na kuweka kipaza sauti cha simu mbele ya spika si njia, hata kama haraka ni kubwa kiasi gani.

Kabla ya kutoa sauti, rekebisha nota

Macho ya mwanakwaya yanasamehe mengi ambayo kompyuta haisamehi. Kosa linaloongoza kwenye nyimbo za kwaya ni la tenor. Mtunzi ameiandika kwa ufunguo wa G wa kawaida, akijua kila mwimbaji wa kiume ataishusha oktava moja bila kuambiwa. Kompyuta haishushi. Tenor inapiga juu ya alto, na wimbo mzima unasikika kama una wanawake watatu na besi mmoja aliyeachwa mbali chini. Badilisha uwe ufunguo wa G wenye 8 ndogo chini yake, hakikisha nota hazijahama kwenye mistari, na tatizo limekwisha.

La pili ni marudio. Maneno "D.S. al Fine" yaliyochapwa kama maandishi ya kawaida hayana maana kwa programu; lazima yachukuliwe kutoka kwenye orodha ya alama za marudio. Hata hivyo MuseScore ikiruka kurudi kwenye alama, haitapiga tena marudio yaliyomo ndani mpaka uiambie kwenye sifa za ile alama. Wimbo wa beti nne unaotoka wa beti moja unatokana na hapo. Vivyo hivyo "rit." iliyochapwa tu haipunguzi mwendo. Weka alama za mwendo mstari kwa mstari, 72, 66, 58, kisha zifiche zisionekane kwenye karatasi.

La tatu ni chaneli. Sauti mbili zilizoandikwa kwenye mistari mitano mimoja, soprano vijiti juu na alto vijiti chini, kwa kawaida hutoka kwenye chaneli moja, na hapo huwezi kuipandisha moja na kuishusha nyingine. Kwa CD ya mazoezi, tenganisha kila sauti kwenye mistari yake. Angalia pia hakuna sauti ya mtu iliyoangukia chaneli ya 10. Ikiangukia huko, kila nota ya tenor itapigwa kama ngoma au tasa, na mtu asiyejua ataapa faili limeingia virusi.

Mwishoni kabisa ongeza vipimo viwili vitupu baada ya nota ya mwisho. Programu nyingi husimama pale maagizo yanapoisha, na mwangwi wa "Amina" unakatwa kama kwa panga.

CD ya mazoezi, sauti kwa sauti

Hapa ndipo MIDI inapoishinda rekodi ya studio kwa mbali. Rekodi ya kwaya haitenganishiki tena. MIDI unaipanga upya kadiri ya unayemfundisha.

Kwanza, sauti inayofundishwa usiipe mlio wa kwaya. Mlio namba 53 unaingia polepole kama pumzi, na nota fupi zinapotea ndani yake. Anayejifunza hasikii nota imeanzia wapi. Ipe piano. Sauti nyingine tatu zipe kinanda cha kanisani au kwaya, ziwe nyuma. Masikio yanafuata mlio ulio tofauti na wenzake bila kuambiwa.

Pili, ukubwa. Kwenye MIDI ukubwa wa chaneli ni namba kutoka 0 hadi 127, na hauendi kwa mstari ulionyooka: ukikata namba katikati, sauti inashuka kwa desibeli 12 hivi. Piano ikiwa 110, weka nyingine 65. Hapo zinapishana kwa desibeli 9 hivi, inatosha kuisikia sauti yako vizuri huku wenzako wakikushikilia kwenye ufunguo. Ukizishusha hadi 40, mwanafunzi anajifunza peke yake na siku ya mazoezi anavutwa na sauti ya jirani.

Tatu, na hii ndiyo inayotupendeza kuliko zote: tumia pande mbili za stereo. Peleka sauti inayofundishwa kushoto kabisa, namba 0, na nyingine zote kulia kabisa, 127. Redio ya gari na deki nyingi zina balansi. Siku ya kwanza mwimbaji anaisogeza kushoto asikie sauti yake peke yake. Wiki ya pili anairudisha katikati. Akishaiva anaisogeza kulia, anasikia wenzake watatu tu, anaimba yake mwenyewe. Wimbo mmoja kwenye diski umefanya kazi ya nyimbo tatu. Lakini mwangwi uuzime, maana mwangwi wa FluidSynth unamwagika pande zote mbili na sauti uliyoificha itasikika kwa mbali upande wa pili. Ongeza -R 0 -C 0 kwenye ile amri. Kwenye redio ya spika moja hila hii haifanyi kazi, pande zote zinachanganywa, ila haiharibu kitu.

Piga hesabu kabla. Nyimbo kumi za dakika tatu, kila moja kwa matoleo matano, soprano, alto, tenor, besi na wote pamoja, ni dakika 150, na diski moja inabeba 80. Chukua diski nne, moja kwa kila sauti: dakika 30 za mazoezi, kisha dakika 30 za wote pamoja. Jumla 60, na nafasi inabaki.

Kuiandaa WAV

Fungua nyimbo zote kwenye Audacity kwa pamoja. Kata kimya kirefu cha mwanzo, lakini acha kama nusu sekunde, kwa sababu deki nyingi zinachelewa kidogo kufungua sauti na zinaimeza silabi ya kwanza. Mwisho acha sekunde mbili.

Kupandisha sauti, chagua nyimbo zote na utumie "Amplify" mpaka kilele kifike desibeli -1. Inapandisha zote kwa kiasi kimoja, kwa hiyo wimbo wa komunyo unabaki mpole na wa kutoka unabaki na nguvu zake. "Normalize" inachukua kila wimbo peke yake na kuufikisha kileleni. Wimbo wa kinanda laini unatoka kwa kishindo sawa na wa matarumbeta, na msikilizaji anashinda na mkono kwenye kitufe cha sauti.

Ukitoa kila faili, hakikisha mambo matatu: 44100, stereo, biti 16. La kwanza ndilo linaloleta kizaazaa. Kompyuta nyingi hufanya kazi kwa 48,000, na njia ya loopback hurekodi hivyo mara nyingi. Programu nzuri ya kuchoma inabadilisha yenyewe. Isiyojali inazipanga sampuli 48,000 kana kwamba ni 44,100: wimbo wa dakika nne unachukua dakika 4 na sekunde 21, na ufunguo unashuka nusutoni moja na nusu hivi. Mpiga kinanda akijaribu kupiga pamoja na CD hiyo hatapata ufunguo wowote unaokubali. Ukisikia kwaya imekuwa nzito na ya usingizi, tatizo ni hilo, wala usiende kubadilisha mwendo kwenye nota.

Usipitie MP3 njiani. Ukitoa MP3 kisha ukachoma CD ya muziki, programu itaigeuza kuwa WAV tena, lakini kilichotupwa hakirudi, na MP3 huongeza kimya kidogo mwanzo na mwisho. Kuichoma MP3 yenyewe kama data kunafaa kwa deki yenye alama ya MP3 tu.

Kama nyimbo zinafuatana bila kusimama, sifa tatu mfululizo kwa mfano, ujue kuwa CD inagawanywa kwa vipande 75 kwa sekunde, kila kimoja sampuli 588. Faili lisiloishia kwenye mpaka wa kipande hujaziwa kimya, na unasikia "tik" kati ya nyimbo. Audacity ina kipimo cha muda cha CDDA chenye vipande 75. Chagua hicho unapokata, na mpaka utakaa mahali pake.

Kuchoma

Nunua CD-R ya dakika 80, si CD-RW. Ile ya kufuta na kuandika tena inarudisha mwanga mchache sana kwenye jicho la deki, na deki za zamani haziioni kabisa.

Usishtuke folda ya WAV ikionyesha megabaiti 800 wakati diski imeandikwa 700. Zile 700 ni za data, ambayo inatenga sehemu ya kila kipande kwa ajili ya kusahihisha makosa. Muziki unaitumia nafasi hiyo, na dakika 80 ni kama megabaiti 846. Hesabu dakika, achana na megabaiti.

Mafaili yape majina yanayoanza na 01, 02, 03. Ukiandika 1, 2, 3, programu nyingine zitaweka wa 10 kabla ya wa 2.

Kwenye Windows Media Player ya zamani, ambayo Windows 11 inaiita Legacy, fungua upande wa "Burn", buruta mafaili, na kwenye chaguo za juu hakikisha pameandikwa "Audio CD" wala si "Data CD". Tiki hiyo moja ndiyo inayotenganisha CD inayopiga na sahani ya kuning'iniza shambani kufukuza ndege. Ondoa tiki ya kusawazisha sauti kati ya nyimbo, maana umeshalishughulikia mwenyewe. Kwenye Mac, panga nyimbo kwenye orodha ndani ya programu ya Music na uichome orodha hiyo kama CD ya muziki. Kwenye Linux kuna K3b na Brasero, au amri hii:

wodim -v -dao -pad -audio speed=16 *.wav

Ile -dao ina maana ya kuichoma diski nzima kwa mkupuo mmoja na kuifunga. Kila programu ina chaguo la namna hiyo, lichague. Diski isiyofungwa kompyuta iliyoichoma itaisoma, deki itasema hakuna diski.

Anayetaka majina yaonekane kwenye kioo cha redio ya gari atumie ImgBurn, programu ya kuchoma ya Windows, pamoja na faili la CUE, ambalo ni maandishi ya kawaida:

FILE "01.wav" WAVE
TRACK 01 AUDIO
TITLE "Wimbo wa Kwanza"
INDEX 01 00:00:00

Kwenye majina yenye ng', kama Ng'ara au Tung'oe, tumia kile kialama kilichonyooka. Kilichopinda, ambacho Word hukiweka yenyewe, hakimo kwenye herufi ambazo redio nyingi za CD zinazisoma, na kitatokea kama kisanduku au alama ya ajabu katikati ya jina.

Kasi ya 16x ni salama kwa diski nyingi za sasa. Kwenda polepole kupita kiasi hakusaidii, kwa kuwa rangi ya diski hizi, ile tabaka inayochomwa na mwanga, imetengenezwa kwa kasi kubwa, na mashine nyingine za leo hazikubali kasi ndogo sana. Mashine ya nje ya kuchomea ichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, si kwenye kigawanya USB, kwani inahitaji umeme wa kutosha taa yake inapowaka kwa nguvu. Zima hali ya kulala. Kwa kompyuta ya mezani isiyo na UPS, subiri saa ambazo umeme umetulia: CD-R iliyokatikia katikati haiendelezwi, inatupwa.

Deki ikikataa

Ikisema hakuna diski: imechomwa kama data, haikufungwa, au ni CD-RW. Weka kwenye kompyuta uangalie. CD ya muziki inaonyesha orodha ya nyimbo zenye kilobaiti moja moja, ya data inaonyesha mafaili yenyewe kwa ukubwa wake halisi.

Ikitoa mvumo mkali kama maji ya maporomoko, baiti za kila sampuli zimepinduliwa, kosa linalotokea kwa wanaolisha programu za amri mafaili yasiyo na kichwa cha WAV. Punguza sauti ya deki unapojaribu diski yoyote mpya, maana mvumo huo unatoka kwa nguvu zote na unaweza kuua spika ndogo.

Ikiruka kwenye nyimbo za mwisho tu wakati za mwanzo ni safi, kumbuka kuwa CD inaandikwa kutoka ndani kwenda ukingoni, na ukingoni ndipo rangi inapokuwa dhaifu na alama za vidole zinapokusanyika. Badilisha aina ya diski, au punguza nyimbo uishie kwenye dakika 70. Lebo za karatasi za kubandika zinaleta tatizo hilohilo: upande mmoja unakuwa mzito, diski inayumba, jicho linapoteza mstari. Andika kwa kalamu laini ya wino, usitumie bolpeni, kwa sababu tabaka linaloakisi mwanga liko juu, chini kidogo tu ya unapoandikia, na ncha ngumu inalitoboa. Mahali salama kuliko pote ni kwenye pete ya plastiki tupu katikati.

Jaribio la mwisho lifanyike kwenye deki mbovu kuliko zote mnazozijua, na si kwenye kompyuta iliyochoma. Piga mwanzo wa wimbo wa kwanza, ruka hadi wa mwisho, usikilize dakika yake ya mwisho hadi mwangwi uishe, kisha urudi katikati. Ikipita hapo, choma nakala zilizobaki kutoka kwenye WAV zilezile, na WAV hizo pamoja na faili la MIDI na benki ya milio uliyoitumia viweke kwenye folda moja. Nakala ya kwenye gari iondolewe kwenye dashibodi saa za mchana; rangi ya CD-R inaliwa na jua, na ya kwanza kuharibika huwa nyimbo za mwisho.